Kuzuru Fort Jesus ya Mombasa: mwongozo kamili kwa anayetaka kuielewa ngome

Wageni wengi huimaliza Fort Jesus kwa nusu saa. Hupiga picha wakiwa wameegemea mzinga, huchungulia bahari, hupita makumbusho bila kusimama popote, kisha hutoka wakisema wameona kuta za Wareno. Mimi ni mtu wa Mombasa na maneno hayo huniuma, kwa sababu Mreno ni mlango mmoja tu wa habari hii. Waliochonga mwamba, waliobeba mawe, waliokufa njaa ndani wakati wa kuzingirwa, waliovamia usiku na waliokaa humo na wake zao kwa miaka mingi, wengi wao walikuwa watu wa Pwani na Waarabu wa Oman. Alama zao bado zipo, na jicho lililoandaliwa huziona.

Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio wake, nami nakuomba uufuate: historia kidogo kabla ya safari, kisha nje ya lango, kisha kuta, uwanja wa ndani, njia ya kwenda baharini, na makumbusho mwishoni. Wengi huanza na makumbusho kwa sababu kuna kivuli. Lakini vitu vya kwenye makabati ya kioo havitakuambia kitu kama hujaona mahali vilipotoka.

Tarehe za kuingia nazo kichwani

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498. Hakupata urafiki aliotaka, akaupata Malindi. Tangu hapo Mombasa na Wareno hawakupatana: Francisco de Almeida aliuteka na kuuchoma mji 1505, na Nuno da Cunha akarudia mambo hayo hayo mwishoni mwa miaka ya 1520. Mwaka 1589 mji ulipigwa kutoka pande mbili. Manowari za Wareno kutoka Goa, makao yao makuu huko India, zilikuja kumwinda Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekaribishwa na wenyeji, na wakati huo huo Wazimba, waliokuwa wakipanda kutoka kusini, walikuwa wamefika kwenye kivuko cha kuingilia kisiwani. Baada ya msiba huo ndipo Wareno wakaamua kukaa moja kwa moja. Mtawala wa Malindi, rafiki yao, akahamishiwa Mombasa, na mwaka 1593 ujenzi wa ngome ukaanza kwa amri ya Mfalme Philip II wa Hispania, ambaye wakati huo aliitawala Ureno pia. Mchoro ulikuwa wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno huku Mashariki. Kufikia 1596 ngome ilikuwa imesimama.

Ukishindwa kukumbuka mengine yote, shika miaka minne. 1593, ilipoanzwa. 1631, Sultani Yusuf bin Hassan alipoiteka. 1698, Waomani walipoingia baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. 1895, Waingereza walipoigeuza jela. Kila ukuta utakaougusa ndani unaangukia kwenye kimojawapo cha vipindi hivyo.

Kuhusu Yusuf bin Hassan inafaa kusimama kidogo, maana bila yeye lango halisomeki. Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmed, aligombana na nahodha wa ngome na akauawa 1614. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao. Walidhani wamempata. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha, akarudi kwenye Uislamu na jina lake la kwanza. Wareno walituma jeshi kutoka Goa, likashindwa. Mwaka uliofuata Yusuf mwenyewe aliiacha ngome na kuingia baharini, na Wareno wakarudi mahali ambapo hawakuweza kupateka kwa nguvu.

Siku na saa ya kwenda

Ngome hufunguliwa kila siku, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, wikendi na sikukuu zikiwemo. Saa nzuri kuliko zote ni ile ya kufungua. Jua bado halijachoma, mabasi ya shule hayajafika, na upande wa bahari unapata mwanga wa moja kwa moja, kwa hiyo mwenye kamera atafurahi. Kama huwezi asubuhi, nenda saa tisa alasiri, jua likigeukia upande wa nchi kavu, ila usichelewe zaidi ya hapo. Saa sita mpaka saa nane mchana epuka. Uwanja wa katikati hauna kivuli cha maana na mawe hurudisha joto lote mwilini mwako.

Kuhusu majira, kaskazi ya Desemba hadi Machi ni ya joto kali, na Desemba ndipo watu wa bara humiminika Pwani. Masika ya Aprili na Mei hulowesha ngazi, nazo zikilowa huteleza. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi hupoza hewa. Mimi humwambia mgeni wangu aje Julai au Agosti, katikati ya wiki.

Tenga saa tatu za ngome peke yake, na saa nyingine mbili za Mji wa Kale.

Vya kubeba na namna ya kuvaa

Viatu vya kukanyagia vizuri, kwa sababu utapanda ngazi za mawe zilizolika na kutembea juu ya mwamba usio sawa. Kofia au mtandio. Maji. Kitambulisho au pasipoti, na hili usilidharau: kiingilio cha raia wa Kenya ni tofauti na cha wananchi wa Afrika Mashariki, nacho ni tofauti na cha wageni wa nchi nyingine, na asiye na karatasi ya kuonyesha anaweza kutozwa kiwango cha juu. Watoto hulipa pungufu. Viwango hubadilishwa, hivyo angalia tovuti ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya wiki hiyo hiyo unayokwenda. Siku hizi jiandae kulipa kwa simu au kadi badala ya noti, kwa hiyo simu iwe na chaji na pesa ndani yake.

Ngome haina sharti la mavazi. Lakini baada yake utaingia Mji wa Kale, mtaa wa watu wanaoishi, wenye misikiti na wazee vibarazani. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti tangu asubuhi, ujiepushe na usumbufu wa kubadilisha.

Kufika

Fort Jesus iko mwisho wa barabara ya Nkrumah, pale kisiwa kinapokutana na mlango wa Bandari ya Kale. Ukishuka treni ya SGR Miritini, chukua matatu ya mjini, kisha tuktuk. Mwambie dereva "Fort Jesus" au "Ngomeni", atajua. Anayetoka Nyali, Bamburi au Mtwapa hushuka Posta na kuteremka kwa miguu au kwa tuktuk. Anayetoka Diani au anayekuja kutoka Tanga kupitia Horohoro na Lungalunga atavuka kwa feri ya Likoni, na kutoka feri tuktuk ni safari fupi. Patana bei kabla hujaketi. Mwenye gari lake aje mapema, maana nafasi za kuegesha ni chache.

Usikimbilie lango: anza nje

Kabla ya kukata tiketi, zunguka nje kadiri inavyoruhusiwa. Sehemu hii haina malipo na ni wachache wanaoifanya.

Tazama kwanza mizinga iliyo nje ya lango. Mingi ni ya zamani, ila kuna miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyotoka kwenye meli zilizopigana zenyewe kwa zenyewe. Mmoja ni wa HMS Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa Zanzibar Septemba 1914 na manowari ya Kijerumani Königsberg. Wa pili ni wa hiyo hiyo Königsberg, ambayo baadaye ilijificha kwenye delta ya Rufiji na kuangamizwa humo Julai 1915. Msomaji wa Tanzania hapa ana historia ya kwao mikononi.

Kisha elekea upande wa nchi kavu uangalie chini. Hilo bonde kavu linalozunguka ukuta ni handaki, na halikujengwa, lilichongwa. Mwombe mtu asimame chini ya ukuta ili upate kipimo cha macho, halafu sogea wewe mwenyewe hadi uso wako uwe karibu na jiwe. Sehemu ya chini haina viungo. Ni mwamba wenyewe wa matumbawe, umesuguliwa na kunyooshwa mpaka ukawa ukuta. Ndani yake utaona miduara na mistari ya matumbawe yaliyokuwa hai zamani, na hapa na pale kombe lililonaswa likabaki. Inua macho taratibu. Kuna mahali mwamba unaishia na uashi unaanza: vipande vya matumbawe visivyolingana, vimeshikwa kwa chokaa, ile ile chokaa ya kuchomwa iliyojenga misikiti na nyumba za Lamu, Gedi na Kilwa. Mchoro ulikuwa wa Milan lakini jiwe na chokaa ni vya hapa, na mafundi wa Pwani walikuwa wamejenga kwa vitu hivyo kwa karne nyingi kabla Cairati hajazaliwa.

Upande wa bahari utaona pia ukuta mpya wa kuzuia mawimbi. Wako walioulalamikia kwa kubadilisha sura ya ufuo. Mimi naona ulikuwa wa lazima, kwa sababu bahari ilikuwa ikila mwamba uliobeba ngome, na mwamba ukiondoka hakuna ukuta utakaobaki juu yake.

Tiketi, na suala la mwongozaji

Nje ya lango utapokewa na vijana na wazee wanaotaka kukutembeza. Baadhi yao wanaijua ngome kuliko kitabu chochote, wengine wamekariri hadithi tatu za kutisha wanazozirudia kwa kila mgeni. Fanya hivi: omba kuona kitambulisho cha kazi, kubaliana bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, na uulize wazi kama bei ni ya kundi au ya kila mtu. Kisha muulize swali moja la kupima: "Nani aliyeongoza ngome Wareno walipokufa wakati wa kuzingirwa?" Akikutajia Bwana Daudi wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, mchukue bila kusita. Akibabaika, unaweza kuendelea na mwongozo huu peke yako, au uulize ofisini wakupe mtu wa makumbusho.

Nitaeleza jibu hilo ukiwa juu ya ukuta.

Langoni: soma jiwe la nahodha

Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Wageni hupita chini yake. Simama. Ni la nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ngome tangu 1635 na kuitengeneza upya baada ya uasi wa Yusuf. Humo anajisifu kwa kuitiisha Pwani tena, akiorodhesha watu aliowatoza kodi na kuwaadhibu, Pate na Siyu wakiwemo. Hakuna mtu anayeorodhesha maadui watulivu. Kila jina katika jiwe lile ni mji uliokataa.

Ukishapita lango, geuka nyuma utazame unene wa ukuta uliokatwa na njia ile. Humo ndimo walimopita walinzi, wafungwa, watumwa, mapadri na masultani.

Juu ya kuta na buruji

Sasa panda. Ngome ina buruji nne kubwa, yaani pembe nene za ukuta zilizotokeza nje, na Wareno walizipa majina ya watakatifu: San Filipe na San Alberto zinaelekea nchi kavu, San Mateus na San Matias ziko upande wa bahari. Kutoka angani umbo lote ni la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini, buruji zikiwa mikono na miguu. Wasanifu wa Italia wa zama zile waliamini kwamba jengo kamilifu hufuata vipimo vya mwili wa binadamu, na UNESCO ilipoiingiza Fort Jesus katika Urithi wa Dunia mwaka 2011 ililitaja jambo hilo pia.

Lakini umbo lile lilikuwa na kazi, na kazi hiyo unaweza kuiona kwa macho yako. Simama kwenye kona ya buruji inayoruhusiwa kupandwa, uangalie kwa kufuata uso wa ukuta mpaka kwenye buruji inayofuata. Hakuna mahali pa kujificha. Adui aliyefika chini ya ukuta wa buruji moja alionekana na kupigwa kutoka buruji ya pili, risasi ikipita sambamba na ukuta. Buruji za nchi kavu zimekunjwa zaidi kwa sababu hatari ya jeshi la miguu ilitarajiwa kutoka huko. Kisha angalia kimo cha kuta zenyewe. Waomani walizipandisha baada ya kuichukua ngome, na hapa na pale mstari wa uashi wa zamani na wa baadaye unaonekana.

Ukiwa juu, tazama upande wa bahari na ufikirie miezi 33. Machi 1696 meli za Imam Saif bin Sultan wa Oman ziliingia hapo chini. Zilikuwa zimekuja baada ya watu wa Mombasa wenyewe kuomba msaada Oman dhidi ya Wareno. Watu wengi walikimbilia ndani ya kuta hizi, na sehemu kubwa yao hawakuwa Wareno, bali Waswahili na Waafrika wengine waliokuwa upande wao. Maradhi yaliwaua kuliko mizinga. Katikati ya mwaka 1697 nahodha wa Kireno na karibu wenzake wote walikuwa wamekufa, na uongozi ukashikwa na Bwana Daudi wa Faza, akiwa na jamaa zake, wanaume wachache na wanawake wa Kiafrika waliosimama ukutani na bunduki. Waliilinda mpaka msaada ukaja kutoka Goa. Ngome ilianguka Desemba 1698, watetezi wakiwa wamebaki wachache mno.

Hii ndiyo sababu nasisitiza watu wapande ukutani kabla ya kuingia makumbusho. Pwani haikuwa na upande mmoja katika vita ile. Mombasa iliwaita Waomani, mtu wa Faza akakaa tayari kufa kwa ajili ya ngome ya Wareno, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za siasa za visiwa, biashara na ukoo. Anayekuambia ilikuwa vita ya Wazungu na Waarabu tu anakunyima nusu ya habari.

Wareno walirudi mara moja zaidi, 1728, Waomani walipokuwa wakivurugana wenyewe. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa waliwafukuza.

Uwanja wa ndani

Shuka sasa katikati. Utakuta misingi ya kanisa, magofu ya makazi, birika la maji ya mvua na kisima. Birika ndilo lililokuwa roho ya mahali hapa, maana mamia ya watu waliofungiwa ndani hawaishi kwa baruti. Kisima kilichimbwa baadaye, na maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, ya kuogea na kufulia.

Usishangae kwa nini kuna nafasi nyingi tupu. Kuanzia 1895 hadi 1958 hapa palikuwa jela ya serikali ya kikoloni, na nyumba nyingi za zamani zilikuwa zimefunikwa au kubomolewa. Mwaka 1958 ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Fedha za shirika la Gulbenkian la Ureno zikasaidia uchimbaji na ukarabati, na James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekuwa amechimba Gedi, akasimamia kazi hiyo. Makumbusho yalifunguliwa 1960. Sehemu kubwa ya unachokiona chini ya miguu yako kilifukuliwa wakati huo.

Upande wa bahari kuna baraza la Wamazrui. Ukoo huu ulianza kama magavana wa Oman, na tangu miaka ya 1740 ukaitawala Mombasa kwa hiari yake mwenyewe, ukiwa na mikataba na mataifa ya Waswahili wa mji. Ingia ndani uketi kidogo kama wanavyoruhusu, utafute maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Hapa ndipo mashauri yalipokatwa, na Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, aliishi na kutunga katika zama hizo, akiipigania Mvita kwa ulimi dhidi ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 Sayyid Said alifaulu kuwaondoa Wamazrui, na ngome ikawa kambi ya askari wake. Hata hivyo haikutulia: Januari 1875 akida wa ngome, Muhammad bin Abdallah, aliyemwasi Sultani Barghash wa Zanzibar, alipigiwa mizinga na manowari za Waingereza mpaka akasalimu amri.

Njia ya matao

Usitoke bila kuipitia. Ni njia iliyokatwa ndani ya mwamba, inayoteremka kuelekea upande wa bahari, na kwa njia hii watu na vitu viliweza kuingia kutoka kwenye vyombo bila kupita mjini. Humo ndani ni baridi, na baada ya jua la uwanjani utashukuru. Teremka polepole, mkono ukutani. Ukifika mwisho utaona jinsi mlango wa bandari ulivyo mwembamba, na utaelewa mara moja kwa nini mwenye ngome hii alikuwa mwenye Mombasa. Kila chombo cha kuingia Bandari ya Kale kilipita mbele ya mizinga yake.

Makumbusho, sasa

Ukumbi wa maonyesho uko mahali palipokuwa na kambi ya askari. Anza na vyombo vya udongo na kauri: vigae vya Gedi, Manda na Ungwana, pamoja na sahani za Kichina zilizovuka bahari mpaka mezani kwa matajiri wa Pwani muda mrefu kabla Mreno hajafika. Vipitie bila haraka, ila usikae huko mpaka ukachoka, kwa sababu vitu viwili vinahitaji nguvu zako.

Cha kwanza ni mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyoletwa kuikomboa ngome wakati ule wa kuzingirwa, ikazama hapo mbele 1697. Wapiga mbizi waliichimba kati ya 1977 na 1980, kazi iliyoongozwa na Robin Piercy wa taasisi ya akiolojia ya baharini ya Marekani kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa. Ulishasimama juu ya ukuta na kuona maji yale. Sasa unaona kilichotoka ndani yake.

Cha pili ndicho nikipendacho kuliko vyote: michoro ya ukutani. Mwanzoni mwa karne ya 17 askari au mabaharia wa Kireno waliokuwa zamu katika buruji ya San Mateus walichora kwenye lipu kwa mkaa na udongo mwekundu. Lipu hiyo imetolewa kwa uangalifu na kuhifadhiwa. Jongea, angalia meli moja baada ya nyingine. Aliyechora alizijua kamba na milingoti kwa kazi yake ya kila siku, kwa sababu kila kamba inakwenda inakostahili. Kuna makanisa, watu, samaki, na kinyonga. Kinyonga huyo wa Mombasa aliyechorwa na kijana aliyetoka mbali ananigusa zaidi ya jiwe la majigambo la lango. Usipige picha kwa mwanga mkali wa kamera, rangi hizo ni dhaifu.

Malizia na nyumba ya Waomani kwenye buruji ya San Filipe, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18. Humo kuna vito na vyombo vya nyumbani vya Kiomani. Ni ndogo, dakika chache zinatosha.

Ukiwa na watoto, au na mzee

Watoto wadogo wakianza kuchoka, wapeleke kwenye mifupa ya nyangumi. Kabla ya hapo wape kazi: wahesabu mizinga, watafute kombe ndani ya ukuta, wamtafute kinyonga kwenye michoro. Washike mkono juu ya kuta. Kuna sehemu zisizo na kizuizi na kimo si cha mchezo.

Mzee au mwenye shida ya magoti ataweza uwanja na makumbusho. Kuta na njia ya matao zitamchosha. Mkalishe kivulini, umwachie maji, upande wewe. Walimu wanaoleta darasa zima wawasiliane na ofisi mapema, na wagawe wanafunzi makundi madogo, kundi moja likianza ukutani huku jingine likiwa kwenye makumbusho.

Ukitoka: chakula na Mji wa Kale

Nje utakutana na wauza madafu, mabuyu, na viazi karai vya moto vyenye ukwaju na pilipili. Kula hapo hapo. Kisha ingia Ndia Kuu, barabara ya zamani inayotoka ngomeni kuingia Mji wa Kale. Utaona milango ya nakshi na madirisha yenye roshani za mbao. Nyumba ya Leven ilipata jina lake kutoka kwa meli ya nahodha William Owen, ambaye 1824 alikubali kuwapa Wamazrui ulinzi wa Kiingereza ambao London iliuvunja baada ya miaka miwili. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa 1570, ni mkongwe kuliko ngome yenyewe, na mnara wake ni wa kutazamwa kutoka nje isipokuwa unaingia kuswali. Salimia watu. Ukitaka kumpiga mtu picha, omba kwanza, na akikataa shukuru upite. Siku ya Ijumaa adhuhuri mitaa hujaa waswalihina, basi panga kupita kabla au baada.

Kwa wa Likoni, vuka feri kabla ya saa kumi na moja jioni, maana baada ya hapo foleni ya watokao kazini ni ndefu. Wa treni ya usiku ana muda wa kahawa chungu na kashata kwenye Mji wa Kale, ila atoke mapema: njia ya kwenda Miritini hushikana, na lango la stesheni hufungwa kabla ya treni kuondoka.